Nadharia za Kazi ya Ustawi wa Jamii na Matumizi Yake katika Shule ya Msingi

Kila mwaka wanachuo warejeapo kutoka katika mazoezi ya kufundisha huleta maswali ambayo hayamo katika andalio la somo. Kuna mtoto anayesinzia tangu kipindi cha kwanza. Kuna mtoto asiyeandika, ilhali ukimwuliza kwa mdomo anajibu sawasawa. Kuna yule aliyekuwa mchangamfu muhula uliopita na sasa hasemi na mtu. Mwanachuo huwa amekwisha kujaribu yote tuliyomfundisha: zana amezitengeneza, maswali ameyapanga kutoka rahisi hadi magumu, ubao ameutumia vizuri, na mtoto yule bado yupo palepale. Hapo mbinu za somo huwa zimefika ukingoni, na yatupasa kuazima maarifa kutoka kwa jirani. Jirani tunayemkusudia katika makala haya ni kazi ya ustawi wa jamii. Tutaeleza nadharia zake kuu, tuonyeshe ni zipi zinazomfaa mwalimu wa shule ya msingi, kwa kiasi gani, na wapi asizitumie kabisa.

Tuseme mapema kwamba hatutaki kumgeuza mwalimu kuwa afisa ustawi wa jamii. Kazi ile ina mafunzo yake na miiko yake. Nchini Tanzania Chuo cha Ustawi wa Jamii kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili hiyo hasa. Lakini ofisi ya ustawi aghalabu iko mbali na kijiji, na afisa mmoja huhudumia watu wengi mno. Mwalimu, kwa upande wake, ni mtu mzima asiye wa ukoo ambaye humwona mtoto siku tano kwa juma. Akiwa na macho yaliyofundishwa, ataona mapema. Akiwa hana, atamchapa mtoto mwenye njaa kwa kosa la kusinzia.

Chanzo chake

Kusaidiana ni jambo la kale katika kila jamii, na sisi hatukungoja mtu atufundishe kumtazama yatima wa jirani. Lakini kazi ya ustawi wa jamii kama taaluma, yenye vitabu na mafunzo, ilizaliwa katika miji ya viwanda ya karne ya 19, pale ambapo watu waliacha vijiji vyao na kujikuta katika vichochoro wasikojuana. Mwaka 1869 mjini London kilianzishwa chama cha kuratibu misaada kwa maskini. Wajumbe wake walikwenda nyumba hadi nyumba, wakichunguza nani anastahili msaada na nani hastahili. Wengi wao waliamini kwamba umaskini hutokana na tabia ya maskini mwenyewe, hivyo mashauri mema yalikuwa bora kuliko fedha.

Mwaka 1884, katika mashariki ya jiji hilohilo, likafunguliwa jumba la Toynbee Hall, na mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr wakafungua Hull House mjini Chicago. Hao walifuata njia nyingine: walihamia wao wenyewe katika mitaa ya maskini, wakaishi humo, wakaona taka zisizozolewa na watoto waliokuwa wakifanya kazi viwandani. Waliyoyaona yaliwafanya wadai sheria mpya badala ya kuwahubiria jirani zao. Addams alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931.

Basi tangu mwanzo kuna pande mbili: shida iko ndani ya mtu, au shida iko katika mazingira yake. Ubishi huo haujesha hata leo. Mwanachuo atakayekaa katika chumba cha walimu siku ya Jumatatu, wakati majina ya watoro yanaposomwa, atausikia wote kwa muda wa dakika kumi.

Mtu aliyejaribu kuufanya uchunguzi uwe kazi ya kitaalamu ni Mary Richmond wa Marekani, ambaye mwaka 1917 alichapisha kitabu kikubwa juu ya namna ya kubaini shida ya mtu. Alisisitiza ushahidi: usikate shauri kwa kusikia upande mmoja, uliza jamaa, shule, daktari, mwajiri, linganisha maelezo, tenganisha ulichokiona na ulichokidhani. Kwa mwalimu hili ni somo kubwa. Sentensi kama “mtoto huyu ni mvivu” haina ushahidi ndani yake. Ni hukumu tupu. “Mtoto huyu hakuleta kazi ya nyumbani mara tano katika majuma mawili” ni ushahidi, na mtu anaweza kuanza nao kazi.

Inafaa pia wanachuo wajue kwamba ustawi wa jamii uliingia shuleni mapema sana. Mwaka 1906 na 1907 katika miji ya New York, Boston na Hartford walianza kuwatuma “walimu watembeleaji”, ambao kazi yao ilikuwa kwenda majumbani mwa watoto na kurudi na habari zitakazomsaidia mwalimu wa darasa. Walitumwa kwa sababu nyumba na shule zilikuwa hazielewani: wazazi walikuwa wageni waliotoka nchi nyingine, na mwalimu hakujua mtoto anatoka wapi wala analala wapi.

Nadharia zenyewe

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wahudumu wengi wa Marekani walivutwa na mafundisho ya Sigmund Freud, wakawa wanatafuta chanzo cha shida katika mambo ya utotoni yaliyozama moyoni. Hatutakaa hapo. Yapo ya kweli ndani yake, lakini njia yake ni ya miaka mingi na ya mtaalamu aliyefundishwa, na mwalimu anayeanza kufasiri ndoto za watoto ataleta madhara. Vivyo hivyo nadharia ya mwenendo, ile ya B. F. Skinner na wenzake, wanachuo wanaijua tayari kutoka katika somo la saikolojia: tendo linalofuatwa na tuzo hurudiwa. Tukumbuke tu kwamba mtoto huweza kutuzwa bila sisi kujua. Yule mtundu ambaye kila akipiga kelele darasa zima humgeukia anapata malipo yake papo hapo, hata kama mwalimu anadhani anamkaripia.

Nadharia ya kushikamana inastahili nafasi zaidi, kwa sababu sehemu yake muhimu ilifanyiwa kazi hapa Afrika Mashariki. Daktari John Bowlby wa Uingereza, katika ripoti aliyoliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, alieleza kwamba mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake, au na mtu anayesimama mahali pa mama. Akiukosa kwa muda mrefu, malezi yake huyumba. Kati ya mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth, aliyepata kufanya kazi pamoja na Bowlby mjini London, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga 28 pamoja na mama zao. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1967.

Mambo mawili katika kazi ile yanatuhusu. Kwanza, watoto wengi hawakushikamana na mama peke yake. Walikuwa nao pia baba, bibi au ndugu wakubwa waliowakimbilia. Wale wanaodhani kwamba mtoto aliyelelewa na bibi lazima awe na kasoro hawana pa kusimamia. Pili, Ainsworth aliona kwamba mama aliyeweza kueleza habari za mtoto wake kwa undani, aghalabu mtoto wake ndiye aliyekuwa na utulivu. Mwalimu anayetembelea nyumba aichukue hoja hii. Asiulize, “Je, mnampenda mtoto?”, kwani hakuna atakayejibu hapana. Aulize mtoto anapenda kula nini, akiamka huanza na nini, nani rafiki yake. Atakayejibu bila kusita ndiye anayemlea, hata kama jina lake silo lililoandikwa katika rejista.

Ipo nadharia ya dharura. Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942 ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston uliungua, wakafa watu 492. Daktari Erich Lindemann aliwahudumia baadhi ya walionusurika na jamaa za marehemu, na mwaka 1944 akaandika kwamba majonzi yana mwendo wake, na kwamba anayezuiwa asiomboleze huweza kupata shida baadaye. Wenzake walipanua fikra hiyo, hasa Gerald Caplan: kipindi cha mshtuko mkubwa hudumu majuma machache, na msaada mdogo unaotolewa ndani ya majuma hayo hufaa kuliko msaada mkubwa unaochelewa. Jamii zetu zimelijua hilo siku nyingi. Matanga na arobaini si mambo ya bure. Lakini mara nyingi mtoto husahauliwa katikati ya watu wazima wanaolia, kisha siku ya tatu hurudi shuleni na kuambiwa afungue kitabu ukurasa wa 40. Mwalimu ampokee mlangoni, amtamkie pole kwa jina la aliyefariki, amwache akae na rafiki yake, wala asimlazimishe kusimulia.

Sasa tuje kwenye nadharia ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote kwa mwalimu. Mwaka 1979 Urie Bronfenbrenner, aliyezaliwa Moscow na kufundisha Marekani, alichapisha kitabu juu ya mazingira ya ukuaji wa mtoto. Alisema mtoto huishi ndani ya tabaka za mazingira, moja ndani ya nyingine. Sisi twaweza kuzifananisha na sufuria za dukani zinazoingiana, ndogo ndani ya kubwa. Sufuria ya ndani kabisa ni mahali mtoto anapoishi na kugusana na watu: nyumba, darasa, uwanja, madrasa au kanisa. Inayofuata ni uhusiano baina ya mahali hapo, mathalani je, mwalimu na mzazi wanaongea? Kisha yapo mambo yanayotokea mahali ambapo mtoto hafiki lakini yanamfikia: bei ya korosho ikianguka mnadani, mtoto ambaye hajawahi kuuona mnada hukosa daftari. Nje ya yote ziko sheria, mila na hali ya nchi. Na mambo yote hayo huenda yakibadilika na wakati.

Uzuri wa mtazamo huu ni kwamba unaumaliza ule ubishi wa chumba cha walimu. Hatuulizi tena kama kosa ni la mtoto au la mazingira. Twauliza: katika sufuria ipi kuna kitu tunachoweza kukisogeza? Mwaka uliofuata, 1980, Carel Germain na Alex Gitterman waliutumia mtazamo wa namna hiyo kuandika mpango mzima wa kazi ya ustawi, wakitaka mhudumu aangalie jinsi mtu na mazingira yake wanavyofaana au kutofaana.

Kuona ni jambo moja, kutenda ni jingine. Kwa upande wa kutenda, Helen Harris Perlman wa Chuo Kikuu cha Chicago alifundisha mwaka 1957 kwamba kumsaidia mtu kuna mambo manne: mtu mwenyewe, shida yake, mahali anapohudumiwa, na mwendo wa kazi baina yao. Ni orodha fupi, na mwanachuo aiweke kichwani. Mwaka 1972 William Reid na Laura Epstein walitoa njia iliyofupishwa zaidi: chagua shida moja au mbili ambazo mtu mwenyewe anakiri kwamba ni shida, kubalianeni lengo, gawaneni kazi ndogondogo, zake na zako, wekeni siku ya kumaliza, halafu pimeni. Hapo awali wahudumu waliweza kukaa na mtu miaka miwili bila kujua watamaliza lini. Sisi twaipendekeza njia hii kwa mwalimu kwa sababu nyepesi: mwalimu mwenye wanafunzi 70 hana miaka miwili, ana muhula.

Katika miaka ya 1990 waandishi kadhaa, akiwamo Dennis Saleebey wa Kansas ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1992, walilalamika kwamba taaluma nzima imezoea kuhesabu upungufu wa watu. Walitaka kazi ianze na kile mtu alicho nacho. Wapo wanaoipuuza hoja hii kwamba ni maneno matamu. Hatukubaliani nao, na mfano ufuatao utaonyesha sababu.

Mfano wa kazi

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Mtoto tumwite Rehema. Yuko darasa la nne katika shule ya kijijini. Katika majuma manane, yaani siku 40 za masomo, amekosa siku 11. Mwalimu wa darasa amekwisha kumwadhibu mara mbili kwa utoro. Mwanachuo aliyepangiwa darasa hilo anaichukua rejista na kufanya jambo ambalo halikufanywa: anazihesabu siku kwa majina yake. Jumatano 8, Alhamisi 3, siku nyingine hakuna. Mtoro hakimbii shule kwa utaratibu namna hiyo. Jumatano ni siku ya gulio.

Rejista, basi, ni chombo cha uchunguzi kilichoko mezani siku zote. Wengi wetu huijaza kwa ajili ya mkaguzi.

Mwanachuo anamwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kwenda nyumbani kwa mtoto, na anakwenda alasiri, akiongozana na mwalimu wa darasa. Anabisha hodi, anakaribishwa kiti, na mazungumzo yanaanza hivi:

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, Rehema kafanya nini tena?”

Swali hilo la bibi latosha kutueleza hali ya ile sufuria ya pili. Katika nyumba hii mwalimu haonekani ila analeta mashitaka. Mwanachuo aliyeandaliwa hatajibu, “Ni mtoro.” Atajibu, “Hajafanya kosa, bibi. Tumekuja kukujulia hali, na kukuambia kwamba hesabu anaziweza kuliko wengi wenzake.” Hapo ndipo hoja ya Saleebey inapofanya kazi. Si sifa ya uongo. Mwanachuo ameangalia daftari la mtoto kabla ya kuja. Bibi aliyekuwa amejikunja kwa kujihami sasa anaweza kusema ya kweli, na ya kweli ni haya: mama wa Rehema anafanya kazi mjini na fedha huja mara moja moja. Bibi huuza vitumbua gulioni. Nyumbani kuna mtoto mwingine wa miaka miwili. Bibi hawezi kubeba ndoo ya vitumbua na mtoto mgongoni, kwa kuwa mguu mmoja umevimba. Hivyo Jumatano Rehema hubaki na mdogo wake. Na zile Alhamisi tatu ni siku ambazo baada ya gulio mguu ulikataa kabisa, akahitajika mtu wa kuteka maji.

Sasa mwanachuo atamani kutoa mawaidha: elimu ni ufunguo wa maisha, na kadhalika. Asiyatoe. Bibi anayajua hayo. Ndiyo sababu mtoto huja shuleni siku nne nyingine. Badala yake aulize, “Bibi, wewe unaonaje, Jumatano ingewezekanaje?” Na hapa tusisitize jambo ambalo wanachuo hulikosea: ufumbuzi utoke kwao kwanza, kwa sababu wao ndio watakaouishi. Bibi anafikiri, kisha anasema jirani mmoja haendi gulioni, na huenda akakubali kukaa na mtoto hadi saa nane mchana, ila si vizuri kumwomba bure. Rehema, ambaye muda wote alikuwa kimya, anasema ataweza kumtekea jirani ndoo moja ya maji kila Jumanne jioni.

Hapo kazi zinagawanywa kwa mujibu wa Reid na Epstein. Bibi atakwenda kuongea na jirani kabla ya Jumapili. Rehema atateka ndoo moja, si mbili, maana mtoto wa darasa la nne hatufai kumwongezea mzigo kwa jina la kumsaidia. Mwanachuo atamweleza mwalimu mkuu hali ilivyo ili mtoto asiadhibiwe kwa kuchelewa wakati mpango unajaribiwa, na atamrudishia masomo ya hesabu aliyoyakosa, nusu saa kwa juma. Bibi anashauriwa aupeleke mguu zahanati. Mwalimu si tabibu na asijaribu kuutaja ugonjwa. Siku ya kupima inawekwa: baada ya majuma manne.

Siku hiyo ikifika, rejista yaonyesha Rehema amehudhuria Jumatano tatu kati ya nne. Ile moja jirani alikuwa msibani. Mwanachuo asiandike kwamba mpango umeshindwa. Kutoka 0 kati ya 8 kufika 3 kati ya 4 ni badiliko kubwa, na pengo lililobaki lina sababu inayojulikana, hivyo laweza kuzungumzwa: nani mwingine atakuwa tayari siku jirani akiwa na dharura?

Lakini pia asijidanganye. Mpango huu haukuuponya mguu wala haukuongeza fedha ndani ya nyumba. Umaskini wa bibi uko pale pale, na huo hauondolewi na mwanachuo mwenye baiskeli. Hapa akina Addams wanatukumbusha upande wa pili wa kazi. Ikiwa rejista ya shule nzima yaonyesha watoto 30 wanakosa kila Jumatano, kwenda nyumba 30 ni kupoteza nguvu. Jambo hilo sasa ni la kamati ya shule na serikali ya kijiji: je, siku ya gulio haiwezi kuhamia Jumamosi? Je, akina mama hawawezi kupangiwa mahali pa kuwaangalia watoto wadogo pale pale gulioni?

Mwenendo wa mwalimu

Mwaka huohuo wa 1957 kasisi Felix Biestek, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Loyola mjini Chicago, alitaja kanuni saba za uhusiano baina ya mhudumu na anayehudumiwa. Hatutazieleza zote, nyingine, kama kumchukulia kila mtu kuwa mtu wa pekee na kumpokea bila kumhukumu, zimekwisha kuonekana katika mfano wa Rehema. Mbili zina ugumu wake shuleni.

Ya kwanza ni kumwachia mtu aamue mambo yake. Biestek aliandika hasa juu ya watu wazima. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuachiwa aamue kama atasoma au hatasoma. Anachoweza kuachiwa ni kusema, kusikilizwa, na kuchagua katika yale yaliyo ndani ya uwezo wake, kama ile ndoo moja. Kwa sababu hiyohiyo neno “mteja”, linalotumiwa na wahudumu, halitupendezi shuleni. Mteja huingia dukani kwa hiari na hutoka akitaka.

Ya pili ni kutunza siri. Habari za nyumba ya mtoto si mazungumzo ya wakati wa chai. Zitakapovuja, mtoto atazisikia uwanjani kutoka kwa mtoto wa mwalimu, na hatasema neno tena. Hata hivyo mwalimu asimwahidi mtoto siri asiyoweza kuitunza. Mtoto akisema, “Mwalimu, nitakuambia lakini usimwambie mtu,” jibu lililo la haki ni hili: “Nitakusikiliza. Kama ni jambo linalokuumiza, itanibidi nimwambie mtu atakayetusaidia, na nitakuambia ni nani.” Huenda mtoto akanyamaza siku hiyo. Ni afadhali anyamaze kuliko asaliti ya mwalimu iwe somo lake la kwanza juu ya watu wazima.

Mahali pa kusimama

Yote tuliyoyasema juu ya kukaa na familia na kugawana kazi yana mpaka, na mpaka huo si wa kubishaniwa. Endapo kuna dalili kwamba mtoto anapigwa hadi kujeruhiwa, anaingiliwa kimwili, au anaandaliwa kuozwa, hakuna mpango wa majuma manne. Mwalimu hafungi safari kwenda kumwuliza mzazi anayeshukiwa, kwani akitoka yeye mtoto ndiye atakayebaki mle ndani. Kadhalika hamhoji mtoto mara tatu nne ili apate uhakika. Kuhakikisha ni kazi ya wengine, na mtoto aliyehojiwa na watu wengi huchanganyikiwa, maelezo yake yakapoteza nguvu mbele ya sheria. Mwalimu husikiliza mara moja, huandika maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, huweka tarehe na saa, na hutoa taarifa siku hiyohiyo.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa wake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011. Afisa ustawi wa jamii na polisi huingia hapo. Iko pia namba ya simu 116 ya msaada kwa watoto, ambayo hupigwa bila malipo. Mwanachuo aliye katika mazoezi atampa taarifa mwalimu mkuu kwanza. Na kama anayetuhumiwa yumo miongoni mwa walimu? Swali hili huulizwa kila mwaka, kwa sauti ya chini. Jibu letu ni kwamba sheria haikumweka mwalimu pembeni: taarifa itapelekwa nje ya shule, na mkufunzi wa chuo ataarifiwa siku hiyohiyo ili mwanachuo asibaki peke yake.

Zoezi la kufanya wakati wa mazoezi ya kufundisha

Chukua rejista ya darasa ulilopangiwa. Chagua watoto watatu waliokosa siku nyingi zaidi katika majuma manane yaliyopita, uzipange siku walizokosa kwa majina ya siku, kisha uandike kwa kila mmoja kile unachokiona na, katika safu nyingine, kile unachokidhani. Usizichanganye safu hizo. Mwonyeshe mwalimu wa darasa na umwombe aongeze anachojua.

Kwa mmoja wa watoto hao chora duara nne, moja ndani ya nyingine, na ujaze majina ya watu na mambo yaliyomo katika kila duara. Pale ambapo huna la kuandika acha wazi. Nafasi hizo tupu ndizo maswali utakayokwenda nayo nyumbani kwa mtoto, ukipewa ruhusa. Katika ripoti yako usitumie jina halisi la mtoto wala la kijiji, na daftari utakaloandikia usiliache mezani katika chumba cha walimu.